Upawa Mweupe wa Bwana Afya

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata choo kiko wapi, Bwana Afya alikuja kwenye meza yangu, akachungulia kopo la maua nililokuwa nimelibeba kutoka nyumbani, akaomba kijiko. Nikampa cha chai. Nilidhani ana dawa ya kukoroga. Akakitumbukiza ndani ya kopo, akanyamaza kama mtu anayeombea chakula, kisha akakiinua taratibu hadi karibu na pua yangu. Ndani ya yale maji kidogo kulikuwa na vidudu viwili vyembamba, vikijikunja na kujikunjua.

"Karani, umekuja kazi na watoto?" akaniuliza.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, na ofisi nzima ilikuwa inasikiliza. Yeye akatoka nje, akamwaga maji kwenye changarawe kavu, akarudi na kopo langu na maua yangu. "Maua ni mazuri," akasema. "Lakini weka mchanga na unyevu kidogo. Hii maji yako ulikuwa unafugia mbu." Nilimnunia wiki mbili nzima. Ya tatu nilijikuta nikichungulia mapipa ya jirani zangu kule nilikopanga, nikajua ameshaniambukiza.

Mjini Machakos watu humwita Bwana Afya afisa yeyote anayepita kukagua vyoo na bucha, na wakimwona kwa mbali hukumbuka ghafla kufagia. Huyu wetu alikuwa na eneo lake maalumu. Baraza la mji la zamani, lile tulilokuwa tukiliita kanjo, lilimwajiri apambane na mbu, panya na kunguni. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi, na ndani yake pampu mbili za kunyunyizia dawa, gambuti, mitego ya panya, birika la chai, na pawa sita nyeupe za kuchotea maji. Nje ya mlango palikuwa na tangi la saruji lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi wa mbu. Jina lake nalijua, nimelipiga chapa mara nyingi kuliko langu. Lakini ukimwita kwa jina alichelewa kugeuka, na hata mke wake alimwita Bwana Afya, hasa akiwa amemkasirikia.

Upawa ndio uliokuwa silaha yake. Ulikuwa ule ule wa jikoni, wa enameli nyeupe, ila yeye aliufunga kwenye fimbo ndefu ili ufike ndani ya visima. Ule weupe ulikuwa na sababu yake: kiluwiluwi ana rangi ya maji machafu, na ukimweka kwenye kitu cheupe hana pa kujificha. Na kuchota nako kulikuwa na namna yake. Siku aliponiburuta twende wote, kwa sababu alihitaji mtu wa kuandika, niliinamia pipa la kwanza, nikatazama, nikasema hakuna kitu.

"Umesema hakuna," akaniambia. "Sasa ondoa kichwa yako kwa jua. Ngoja."

Nikasogea. Kumbe kivuli cha mtu kikianguka juu ya maji, viluwiluwi wote huzama chini kwa pamoja, na pipa linabaki safi machoni kama la maji ya kunywa. Tulingoja mpaka miguu yangu ikaanza kuuma. Kisha wakaanza kupanda, mmoja, wawili, wakaning'inia chini ya uso wa maji vichwa vikielekea chini, na baada ya muda mfupi sikuweza tena kuwahesabu.

"Mtu wa haraka hawezi hii kazi," akasema. "Atasema hakuna, aende kunywa chai."

Alikuwa na tabia nyingine iliyowachekesha vijana wa ofisini. Upawa wake hakuuweka chini hata mara moja. Akitaka kuandika, au kuvua gambuti lililoingia maji, alimkabidhi mtu aliye karibu, hata kama ni mpita njia, na hakuuachilia mpaka aulize, "Umeshika?" Ukikaa kimya naye hukaa kimya, nyote wawili mmeshikilia fimbo moja katikati ya barabara, mpaka useme, "Nimeshika." Hapo ndipo anapoachilia. Nilimwuliza mara moja kwa nini anatusumbua hivyo na kijiko cha supu.

"Kitu ikiwekwa chini, kila mtu anadhani ni ya mwingine," akanijibu.

Raundi yake ilikuwa kila Alhamisi. Yai la mbu huchukua wiki moja hivi, pengine na siku kadhaa juu, kupata mabawa, kwa hiyo alisema mtu akirudi mahali pale pale kila siku ya saba, mbu hapati nafasi ya kuhitimu. Hakuruka Alhamisi ya mvua wala ya mgomo. Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka alivaa suti ya kanisani na gambuti, akamaliza raundi kwanza. Na kila mara alianzia kwake Katelembo, alfajiri kabla ya chai, kisha akaja kukagua ofisi yetu, ndipo akaenda kwa watu. Kwenda kwa jirani na upawa ilhali kwako kuna viluwiluwi, alisema, ni uchawi.

Wageni hudhani mbu ni mtoto wa mvua. Bwana Afya ndiye aliyenifundisha kwamba kwetu Ukambani mbu wa mjini ni mtoto wa kiangazi. Mifereji ikikauka, kila nyumba huweka pipa, kila ploti huweka tangi, na mama mwenye akili huficha hata mitungi chini ya kitanda. Maji yanatunzwa kuliko ng'ombe, na mbu wanatunzwa pamoja nayo. Kwa hiyo mwezi ambao sisi wengine tulikuwa tukilalamika vumbi, yeye ndipo alipokuwa na kazi nyingi. Hakumwaga maji ya mtu ovyo. Alijua mama huyo ameyabeba mgongoni kutoka mbali. Alichuja kwa kitambaa, akarudisha maji pipani, akafunika, akafundisha jinsi ya kufunika, akaaga kwa heshima.

Dawa hakuipenda. "Dawa ni uvivu wenye harufu," alisema, na pampu zake mbili zilikuwa nzima kwa sababu hazikutumika. Mkubwa wetu wa ofisi alipenda pampu, maana pampu hupiga kelele na kutoa moshi, na wananchi wakiona moshi hujua serikali ipo. Walibishana juu ya hilo miaka yote niliyowafahamu, bila yeyote kumshinda mwenzake.

Kuna kisa cha kanisani ambacho alinisimulia mara moja tu, akanionya nisikirudie, na ninaamini sasa hakuna atakayeumia. Yeye alikuwa Mprotestanti wa kukunja mikono na kuimba sauti ya nne. Siku moja alihudhuria harusi ya Wakatoliki, akapita pale mlangoni penye bakuli la maji ya baraka, na jicho lake likafanya lilivyozoea. Alingoja mpaka maharusi wamepigwa picha, akamvuta padre kando.

"Padre, hapa shetani hawezi kuzaa," akamwambia. "Lakini mbu ameweza."

Padre alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo maji yakawa yanabadilishwa kila Jumamosi, na Bwana Afya akawa anapita kukagua kwa siri. Kwenye daftari lake mahali hapo hapakuandikwa kanisa. Paliandikwa, "Kwa rafiki yangu wa joho."

Hilo daftari ndilo lililokuwa ofisi yake hasa. Lilikuwa kubwa, jalada gumu jeusi, na kila mahali penye maji yanayotuama palikuwa na ukurasa wake na jina alilolipa mwenyewe. Nyuma ya kinu cha unga. Mjane mwenye mlango wa bluu. Shimo la wachimba mchanga, la pili kutoka daraja. Makonge ya shule, kwa sababu hata majani ya mkonge hushika maji penye shina na mbu hutaga humo. Chini ya kila jina kulikuwa na safu za tarehe na idadi, miaka na miaka, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Ukisoma ukurasa mmoja ungeona viluwiluwi wakipungua polepole kutoka arobaini hadi sufuri, kisha mpangaji mpya anahamia, wanarudi kumi na tano, halafu wanashuka tena.

Msidhani nasimulia malaika. Mtu huyu aliyelipwa kuua panya alikuwa akiwaogopa panya kuliko mtoto mdogo. Mitego aliitega vizuri sana, ila kuifungua hakuweza. Mama mmoja muuza nafaka sokoni ndiye aliyekuwa akiitoa mizoga, huku Bwana Afya amesimama juu ya gunia la mbaazi akitoa maagizo ya kitaalamu. Na chumba chake kilikuwa kichafu. Karatasi zilifika kiunoni, vikombe vilikuwa na historia. Mwaka wangu wa tatu niliingia kutafuta barua, nikafungua lile birika lake alilokuwa amelisahau tangu likizo. Nilitulia, nikaondoa kivuli changu, nikangoja. Kisha nikaenda kumwita.

"Bwana Afya," nikasema mbele ya wote, "kumbe na wewe umebarikiwa watoto?"

Alichungulia. Uso ulimshuka mpaka nikaanza kujuta. Halafu akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika, "Ofisi ya Bwana Afya, birika," na idadi, bila kupunguza hata mmoja. Alhamisi iliyofuata alirudi kukagua birika lake mwenyewe kwa upawa, na akaandika sufuri. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda mzee huyu kama baba.

Kisha ukaja ugatuzi, na baraza letu likafa. Kazi zake ziligawanywa kwa idara mpya kama urithi wa mtu aliyefariki bila kuacha wosia, na kila idara ilitaka magari. Mbu hakutakwa na mtu. Watu wa afya walisema mbu hutoka kwenye mitaro, na mitaro ni mambo ya mazingira. Watu wa mazingira walisema mbu huleta homa, na homa ni mambo ya afya. Barua zote hizo nilizipiga chapa mimi, za kwenda na za kujibu. Ila kazi ikiwa bado inabishaniwa, vitu vyake vilitakiwa vikabidhiwe ifikapo Ijumaa.

Fomu ya makabidhiano ilikuwa na safu tatu: kifaa, idadi, hali. Kwenye hali uliruhusiwa kuandika nzuri, mbovu au chakavu. Nilijaza haraka haraka. Bwana Afya akaja na lile daftari kifuani, akaliweka mkononi mwangu.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Hapa ndio kuna kazi, Karani. Hizo zingine ni vyombo tu. Andika hizi mahali zote, moja moja, ndio mwenye atachukua ajue aanzie wapi."

"Mzee, fomu haina mahali ya kuandika hiyo."

"Si uongeze karatasi?"

"Mkubwa anataka karatasi moja."

Ningeweza kuongeza. Leo nakiri bila kujitetea. Mkubwa hangenila. Lakini ilikuwa jioni, nilikuwa na mtoto wa kuchukua shuleni, na kurasa zilikuwa nyingi. Nilitazama jalada lililochanika kona, nikaandika: daftari, moja, chakavu. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Alisoma fomu yote mara mbili, akasema, "Haya," akatia sahihi, akaondoka.

Yaliyofuata huko mbele yanachekesha ukiwa mbali nayo. Mtu fulani ambaye hakuwahi kutuona aligawa vile vitu kwa kusoma majina. Pawa sita, hali nzuri, zilipelekwa kantini, na kwa muda mrefu watumishi wa umma walipakuliwa maharagwe kwa vyombo vilivyowahi kuchunguza mashimo ya vyoo. Samaki walikwenda kwa watu wa uvuvi, ambao walikuja na gari na karatasi rasmi, wakatazama ndani ya tangi, wakauliza wale wakubwa wako wapi. Na kila kilichoandikwa chakavu kilitupwa stoo kingoje mnada. Bwana Afya alistaafu miezi michache baadaye. Tulimpa soda na saa ya ukutani. Nilitaka kumwambia kitu siku ile, nikakosa ujasiri, nikamkatia keki.

Kiangazi cha pili baada ya hapo, homa iliingia kwenye ploti tulikopanga. Binti yangu alilala wiki nzima, viungo vinamuuma, macho mekundu, hataki kula hata muthokoi wa mahindi na maharagwe anaoupenda. Watu wa dawa walikuja, wakapiga moshi barabarani, wakaondoka. Siku aliponyanyuka kidogo nilitoka nyuma ya nyumba kuanua nguo, nikaliona pipa la mlinzi limeegemea ukuta, limefunikwa nusu kwa bati. Nilisimama upande wa kivuli, nikangoja. Walikuwa wengi hadi maji yalionekana yanachemka. Pipa hilo nililijua. Lilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, nililiandika kwa mkono wangu siku ile aliponiburuta, na neno moja langu lilikuwa limelifuta. Binti yangu alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo sikuweza kulisikia neno chakavu bila kushtuka.

Miaka imepita. Mwaka huu barua imekuja tena, na safari hii ina mhuri: kazi ya kuzuia mbu na wadudu waenezao magonjwa imehamishiwa rasmi idara yetu ya mazingira, ambako mimi sasa ndiye karani mkuu. Wametuletea afisa mpya, dada mmoja mwenye bidii, viatu vyake tayari vina matope. Alikuja kwenye meza yangu, penye maua yaliyopandwa mchangani.

"Mama, kuna rekodi yoyote ya zamani?" akaniuliza. "Nisianze na sufuri."

Nilifungua kinywa kumwambia hakuna. Kikakataa. "Nipe hadi Jumatatu," nikasema, na Jumamosi nikaenda Katelembo, nikitumaini mzee bado anazo kichwani.

Nilikuta kuku wanataga kwenye viti vitatu vya ofisi vilivyovunjika miguu, vimepangwa chini ya paa la ghala. Nilivitambua. Kimoja nilikikalia miaka sita. Mke wake alikuwa akitwanga mahindi, akaacha, akaja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Unaangalia viti? Hiyo ndio mali mzee alileta kutoka serikalini," akasema. "Wengine wanaleta mabati."

Bwana Afya alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso umeelekea jua, lakini macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Sikuwa nimeambiwa. Nilimsalimu kwa Kikamba, "Wi museo, Mzee," naye akageuza kichwa kabla sijamaliza.

"Ni museo. Karani, maua yako iko aje?"

Nilikaa kwenye kiti cha kuku. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia tu: "Mzee, ni mimi niliandika chakavu."

"Najua. Nilikuwa nyuma yako."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini, na jalada ilikuwa imechanika kweli?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ilinikula, Karani. Nisikudanganye. Nilikaa na wewe vibaya kwa roho mwaka mzima. Hata ile keki yako sikula, nilipatia mtoto wa jirani."

Machozi yalinitoka, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hanioni. Akamwita mke wake alete kile kitabu. Kikaja kimefungwa kwa kitambaa cha meza. Siku ya mnada, akanieleza, vitu chakavu viliuzwa kwa mafungu, na daftari lilikuwa kwenye fungu moja na viti vitatu na meza isiyo na miguu. Hakuna aliyekubali kumuuzia kitabu peke yake, kwa hiyo akabeba fungu zima.

Nililifungua. Nilitegemea liishie wiki ya ile fomu. Halikuishia hapo. Alhamisi ziliendelea, moja baada ya nyingine, bila mshahara, bila gari, kwa miguu, mahali pachache zaidi kila mwaka kadiri magoti yalivyomruhusu. Kisha mwandiko ule mdogo ulianza kuwa mkubwa, ukaanza kupinda, mistari ikapanda juu ya mistari mingine, na kurasa za mwisho sikuweza kuzisoma.

Nikamweleza habari ya barua yenye mhuri na yule dada mwenye matope kwenye viatu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, akapapasa ukuta, akachukua upawa uliofungwa kwenye fimbo, wa jikoni kwa mke wake, akanielekezea.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Nenda pipa ya nyuma ya jikoni. Mama hapa ananifunikia mwenyewe, lakini wewe chota, nisikie kama unakumbuka."

Akanifuata akiwa ameshika bega langu. Niliondoa kifuniko, nikachungulia, maji yalikuwa safi. Nilikuwa na neno mdomoni. Halafu nikaliona jua liko wapi, nikasogea, nikangoja. Mke wake alikuwa amerudi kwenye kinu na mchi ulikuwa ukidunda taratibu. Wakaanza kupanda.

Nilichota. Kwenye ule weupe walikuwa watatu, wanajikunja na kujikunjua. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha sikio upande wangu kama anayengoja majibu ya hospitali. Mtu huyu alianzia nyumbani kwake kila Alhamisi ya maisha yake, na kwa macho yale hakuwa na njia ya kujua. Ningesema hakuna, angelala kwa amani, na mimi ningelifunika pipa na kulimwaga kimya kimya baadaye. Nilikuwa nimeshamwumiza kwa neno moja fupi, nikaona gharama yake.

"Wako, Mzee," nikasema. "Upawa mmoja, watatu."

Mchi ulinyamaza. Mkono wa mzee ukawa mzito begani mwangu.

"Kwangu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mwaga mahali kavu. Halafu uchuje hiyo ingine, usimwagie mama maji yake."

Nilimwaga, nikachuja kwa kitambaa, nikafunika vizuri. Tuliporudi kwenye kivuli alinitaka nifungue ukurasa mpya, akanitajia maneno ya kuandika: "Katelembo, kwa Bwana Afya, pipa nyuma ya jikoni. Watatu." Aliniuliza kama nimeandika watatu. Nikamwambia nimeandika.

"Ungesema hakuna, ningekupa chai uende," akasema.

Kisha akaniambia nifungue ukurasa wa mwisho kabisa. Kulikuwa na mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Juu kuliandikwa Nimekabidhi, na sahihi yake ya zamani, ile iliyonyooka, ya ile Ijumaa ya fomu. Chini kuliandikwa Nimepokea, na mbele yake hapakuwa na kitu. Nilitoa kalamu, nikamwambia nitatia sahihi kwa niaba ya ofisi.

"Ofisi haina mkono," akasema. "Ofisi imeshika hii kazi mara ngapi? Andika jina yako."

Nikaandika majina yangu yote matatu, kama mtoto anayefanya mtihani. Alilichukua daftari, akalifunga kwa kile kitambaa cha meza, akahakikisha fundo kwa vidole, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikalipokea kwa mikono miwili. Hakuliachilia.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Mzee. Alhamisi nakuja na yule dada, na tutaanzia hapa kwako."

Ndipo akaachilia.